Fanfari, bendera na jina la mzalendo: wimbo wa nchi unageuka propaganda wakati gani?

Tangu M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, nyimbo za uzalendo zimejaa huku kwetu kusini mwa Maniema. Zinapita kwa WhatsApp, kwa spika za soko, kwa pikipiki za taximen. Zinafika pia kwenye redio. Mtu analeta flash yake anasema: “Pitisha hii, iko ya nchi.”

Lakini kila kitu chenye bendera juu yake ni cha nchi? Kuko wimbo wa kuombea askari walio mbele. Kuko wa kulilia waliokufa. Kuko pia ule unaotaja kabila la watu na kusema waondoke. Zote tatu ziko na ngoma ileile ya kijeshi, na zote zinatumia neno “mzalendo”.

Kwa Kasongo na Kabambare hili siyo jambo la wasomi wa Kinshasa. Neno “mzalendo” limekuwa jina la watu wenye bunduki. Makundi mengi tuliyoyajua kama Mai-Mai leo yanajiita Wazalendo. Kijana wa miaka 15 akisikia wimbo huo kila asubuhi, siku moja anaweza kufuata njia ya pori, na mama yake asijue amuulize nani. Njo maana tunapaswa kuliangalia jambo hili polepole.

Tarumbeta yenyewe haina kosa

Fanfari ilikuja huku pamoja na jeshi. Mwezi wa nne 1893 askari wa Léopold II, chini ya Dhanis, waliteka Kasongo, uliokuwa muji mkubwa wa Waarabu na Wangwana. Miaka 23 kisha, Septemba 1916, Force Publique iliingia Tabora katika vita na Wajerumani. Maafisa walikuwa Wabeljiji, lakini waliotembea kwa miguu, wakabeba mizigo na kufa njiani walikuwa watu wetu. Tarumbeta iliwaamsha, ikawapanga mstari, ikawatuma.

Ila tuone watu walifanya nini na muziki ule. Kule pwani, Lamu na Mombasa, vijana waliangalia bendi za kijeshi za wazungu wakatoa ndani yake ngoma yao. Wakaiita beni, kutokana na neno la Kiingereza la bendi. Vita ya 1914–1918 ikaieneza kati ya askari na wapagazi. Tanganyika kulikuwa na vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vyenye vyeo, mavazi na mashindano makali. Ndani ya vyama hivyo watu walisaidiana pia kwa magonjwa na maziko. Muziki wa bwana ukawa wa raia.

Hapa Kongo tuko na mfano mwingine mbele ya macho yetu: Wakimbangu. Fanfari yao inapiga, waamini wanatembea kwa mstari kama jeshi, na hakuna bunduki hata moja. Kanisa hilo lilizaliwa kwa mtu ambaye serikali ya Wabeljiji ilimfunga mwaka 1921 na akafia gerezani Élisabethville mwaka 1951. Basi mtu asituambie kama ngoma ya kutembea ni lazima iwe ya vita. Kinachotafutwa ni nani anaipiga, na anataka ufanye nini.

Wimbo wa taifa na animasio havikuwa kitu kimoja

Wazee wetu waliozaliwa mbele ya uhuru wamepita ndani ya nyimbo nyingi. Mwaka 1960 walijifunza Debout Congolais, ambayo maneno yake yaliandikwa na padri Simon-Pierre Boka na muziki ukatungwa na Joseph Lutumba. Nchi ilipoitwa Zaïre wakafundishwa La Zaïroise, kazi ya watu walewale wawili. Mwaka 1997 Laurent-Désiré Kabila akarudisha ule wa kwanza, na njo watoto wetu wanaimba mpaka leo kwenye masomo.

Kuko jambo moja ambalo watu hawaliangalii sana. Hata wakati wa Mobutu, wimbo wa taifa haukutaja jina la Mobutu. Jina lake lilikuwa ndani ya animasio. Baada ya safari zake za China na Korea ya Kaskazini miaka ya 1970, MPR ilifanya nchi yote icheze: masomo, ofisi, kampuni. Kila mkubwa akishuka kwenye ndege, wamama wako pale juani wanaimba na kucheza. Hata Franco, mpiga gitaa mkubwa kuliko wote, alitoa Candidat na biso Mobutu mwaka 1984, mwaka wa uchaguzi ambao Mobutu alikuwa kandida peke yake. Na ni serikali ileile iliyokuwa imemtia Franco gerezani mwaka 1978 juu ya nyimbo zake. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na animasio ikafa haraka. Ingekuwa imetoka moyoni, watu wangeendelea kuicheza bila kuamriwa.

Hapo tunapata kipimo cha kwanza. Fahari ni kitu unaweza kukataa bila kupata shida. Ukilazimishwa kucheza, ile ni kazi ya bure ya kumsifu mtu.

Kipimo hicho tukilete nyumbani. Bendera ikipanda asubuhi, wapita njia wanasimama. Ni desturi nzuri, wengi wetu tunaifanya kwa moyo. Lakini ni watu wangapi, kwa miji yetu mingi, wamekamatwa kwa kusema hawakusimama vizuri, wakaachwa tu baada ya kutoa franga? Mama mwenye kubeba ndizi kichwani asiyesikia filimbi siyo adui wa nchi. Anayemuuza uhuru wake kwa franga mbili tatu njo anachafua bendera.

Somo kutoka kwa jirani

Kipimo cha pili kinatoka Rwanda, na sisi watu wa redio tunapaswa kukijua kwa kichwa. RTLM ilianza kutangaza Julai 1993. Ilipendwa na vijana juu ya muziki wake na utani wake. Katikati ya muziki ndipo sumu ilipitishwa, na mwaka 1994 watu wakauawa kwa majina yaliyosomwa hewani.

Kati ya nyimbo zilizopigwa pale kulikuwa na za Simon Bikindi, mwanamuziki aliyejulikana sana. Tribinali ya kimataifa ya Arusha ilimuhukumu tarehe 2 Desemba 2008, miaka 15 ya gereza. Watu wengi wanafikiri alifungwa juu ya nyimbo. Hapana. Alifungwa juu ya maneno aliyosema kwa kipaza-sauti barabarani mwishoni mwa Juni 1994, akichochea watu waue Watutsi. Juu ya nyimbo tatu, majaji waliona ya kwamba zilipindua historia ya nchi na zilitumiwa katika kampeni ya chuki. Lakini haikuhakikishwa mbele yao kama yeye mwenyewe alishiriki katika kuzipitisha redioni.

Maana yake kwetu ni nini? Anayetunga yuko na daraka lake, na anayebonyeza kifungo cha kupitisha yuko na lake pia. Mtangazaji hawezi kusema “mimi nilipiga muziki tu”.

Leo iko tofauti kubwa kati ya nyimbo mbili. Wa kwanza unasema jeshi la Rwanda litoke Kongo. Hilo ni jambo la wazi: Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio 2773 la tarehe 21 Februari 2025, liliomba jeshi hilo liache kusaidia M23 na liondoke. Wimbo wa pili unasema mtu mwenye luga fulani, ama sura fulani, ni adui hata kama alizaliwa hapa. Huo unamtuma kijana kwa jirani yake, na yule mwenye kutushambulia anabaki salama mbali kabisa.

Uzalendo siyo kunyamaza

Kuko hatari ya upande mwingine: kuita kila lawama “adui wa nchi”. Novemba 2021 komisio ya kuchunguza nyimbo, kule Kinshasa, ilikataza Nini Tosali Te ya kundi MPR, maana yake “Nini hatukufanya”, wimbo unaouliza juu ya nini maisha ya raia hayabadiliki. Watu walilalamika, na katazo la wimbo huo likaondolewa muda mfupi kisha. Mtu wa Kabambare anayeimba juu ya barabara iliyokufa, ama juu ya zahabu inayotoka Namoya na kijiji kinabaki bila maji, anapenda nchi yake pengine kuliko mwenye kuvaa bendera kwa siku kuu ya 30 Juni.

Wimbo unaficha nini?

Nyimbo za kuita vijana porini zinasema juu ya ushujaa. Hazisemi nani atalisha wapiganaji, nani atawatibu, na vita ikiisha nani atawarudisha nyumbani. Kabambare, zaidi upande wa Salamabila, wanajua hesabu hiyo tangu miaka ya Mai-Mai Malaika. Na kadogo wa 1996–1997 waliokwenda na AFDL mpaka Kinshasa, wengi walikuwa watoto kabisa. Leo sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kuingiza katika jeshi ama kundi la silaha mtu yeyote chini ya miaka 18. Thomas Lubanga wa Ituri alihukumiwa La Haye mwaka 2012, miaka 14, juu ya kutumia watoto chini ya miaka 15. Hakuna fanfari inayoweza kufuta sheria hiyo.

Basi mbele ya kuimba, kutuma kwa wengine ama kuleta flash redioni, tuulize maswali haya:

1. Nani ametunga wimbo huu, na nani amelipa?
2. Unasifu nchi na watu wake, ama mtu mmoja?
3. Unataja kosa na mwenye kulifanya, ama unataja kabila lote?
4. Unamwomba msikilizaji afanye nini: kuomba, kusaidia wakimbizi, kujenga, ama kuua?
5. Nikikataa kuuimba, nitapata shida?

Kwa sisi watangazaji, kuko mambo matatu ya kufanya bila kungojea amri ya mtu. Tusipitishe wimbo ambao hatujui maneno yake yote, hata kama uko kwa luga ambayo mtangazaji hasikii vizuri; tutafute mwenye kusikia. Tusiweke ngoma ya vita chini ya habari za vita, kwani habari inataka kichwa baridi. Na tutaje mwenye kutunga, kila mara.

Wazazi na walimu nao wako na kazi yao. Mtoto anayeimba Debout Congolais aelezwe maneno yake kwa Kiswahili, kwani wengi wanaimba Kifaransa wasichosikia. Akiuliza mzalendo ni nani, tumuonyeshe mwalimu anayefundisha miezi bila mushahara, muuguzi anayebaki kwenye kituo cha afya wakati wengine wanakimbia, na pia askari anayelinda raia bila kuwanyang’anya. Wote watatu wanastahili wimbo. Wa askari peke yake njo umetungwa mara nyingi.