Kitanda cha Watu Wawili Wanaolala Ubavu (Sehemu ya 5)

Haya mama zangu, leo tuongee kuhusu lile tandiko la sponji la kuweka juu ya godoro, wauzaji wanaliita topa. Kliniki naulizwa sana: "Nesi, naamka bega limekufa ganzi, nyonga inauma, mume wangu naye analalamika. Ninunue laini kiasi gani?"

Msimamo wangu: usinunue laini kuliko zote dukani.

Ukilala ubavu, uzito mwingi unabebwa na bega na nyonga. Godoro gumu linabana hapo hapo. Unahitaji kitu kitakachoacha bega na nyonga vizame kidogo, huku kiuno kikiwa kimeshikiliwa. Kwa wengi, inchi 2 hadi 3 zinatosha. Ikiwa laini mno, nyonga inazama yote, mgongo unapinda, na asubuhi maumivu yamehama tu, yametoka begani yameenda kiunoni.

Na kumbuka mko wawili. Kama baba ana kilo 90 na wewe 58, sponji inayokutosha wewe, yeye anaikandamiza mpaka chini. Chagueni kwa kumwangalia aliye mzito. Mwepesi aongeze mto katikati ya magoti. Nendeni dukani wote, msione aibu. Mmoja alale ubavu, mwenzake asimame nyuma aangalie: uti wa mgongo unyooke kuanzia shingoni hadi kiunoni. Kisha mbadilishane. Kama mnaishi kwenye joto, jueni sponji ile inayobaki na alama ya mkono ukiibonyeza huwa inatunza joto.

Godoro likishakuwa na bonde, hela yako itunze. Topa itafuata bonde lile lile.

Kwa mama kijacho, hili si suala la anasa. Kuanzia wiki ya 28 tunakushauri uanze usingizi ukiwa umelala ubavu, kulia au kushoto, kwa sababu kulala chali kipindi hicho kunaongeza hatari ya mtoto kufia tumboni. Ukishtuka usiku umelala chali usiogope, geuka tu uendelee kulala. Kwa hiyo baba, mkeo akisema nyonga inauma, usimwambie anadeka.

Sasa hapa ndipo huwa nakuwa mkali. Mtoto akishazaliwa, topa ile si mahali pake. Kichanga akigeukia sponji laini, uso unazama, hana nguvu ya kujinasua, na pumzi inakata kimya kimya. Hatalia ukamsikia. Mpaka atimize mwaka 1, mlaze chali, kwenye godoro gumu lililo tambarare, bila mto, bila blanketi zito.

Najua mtaniambia, "Nesi, sisi tuna chumba kimoja." Sawa, chumba kimoja ni kizuri, mtoto awe karibu yako. Mtafutie kigodoro chake kigumu pembeni ya kitanda chenu, na neti yake. Hilo likishindikana na mnalala naye, topa itoke kitandani.

Mimi mwanangu alipozaliwa tulikunja yetu tukaipandisha juu ya kabati mwaka mzima. Bega liliuma, sikatai. Nilikumbatia mto, nikavumilia. Bega langu lilipona. Kuna vitu havina kupona, mama.