Nne Julai ya kibarazani

Mwaka huu fataki za mjini tumezisikia kwa mbali tu. Hapa Columbus, Ohio, jua la Julai huzama karibu saa tatu usiku, na mpaka giza liingie kitindamimba wetu keshalala mkekani. Foleni ya kutafuta pa kuegesha gari nayo, sina hamu nayo kabisa. Basi tulibaki nyumbani: mimi, mke wangu, watoto na mama, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Majirani wakachoma soseji, sisi mishikaki na ndizi, kachumbari pembeni ikiwa na pilipili ya kutosha kumtoa mtu machozi.

Binti yangu akatusomesha: kura ya kujitenga na Uingereza ilipigwa tarehe 2 Julai 1776, na John Adams alidhani hiyo ndiyo ingekuwa sikukuu; tarehe 4 ni siku Tamko la Uhuru lilipopitishwa. Mama akamsikiliza mpaka mwisho huku akigeuza mishikaki.

“Haya, mjukuu wangu. Na TANU ilizaliwa lini?”

Kimya.

“Saba Saba, 1954. Bado siku tatu. Huo mkaa msiumalize.”

Nimeshanunua mfuko mwingine.