Punguza Viungo, Usipunguze Moto

Binti ya dada yangu anasoma chuo mjini Embu, na amepanga chumba kimoja na mwenzake. Jumamosi moja nyanya yake (yaani mama yangu, si nyanya ya kupika!) aliteremka kwa matatu kutoka Nkubu kwenda kumwona. Binti akaona leo hatampa mgeni githeri kama kawaida. Akapika chili, kile chakula cha Kimarekani cha nyama ya kusaga, maharagwe mekundu na pilipili.

Walikula saa nane mchana. Saa kumi na nusu wote watatu walikuwa wakitapika, wakifuatana mlangoni pa choo cha ploti. Wasichana walipata nafuu kabla ya usiku. Mama yangu, mtu wa miaka 74, alilegea hadi jirani akatafuta gari la kumpeleka hospitalini, akawekewa maji.

Asubuhi yake nilikuwa Embu. Nilimwuliza binti alipika vipi, naye akaanza kulia.

"Mama mdogo, ni makosa yangu. Sikuwa na viungo vyote."

Kumbe hakuwa na pesa za kilo nzima ya nyama, akanunua robo na kuongeza maharagwe. Hakupata nyanya za kopo, akatumia mbichi. Jira hakuwa nayo, akatia kijiko cha pilau masala. Yale majani makavu ya Kizungu aliyaacha kabisa.

Nilimwambia afute machozi, kwa maana hapo hakuna kosa hata moja. Kule Texas, ambako bunge lilitangaza chili kuwa chakula rasmi cha jimbo mwaka 1977, wapo wanaoapa kwamba maharagwe hayafai kutiwa humo hata punje. Kwingine Marekani hawali chili bila maharagwe. Ikiwa wenyewe hawapatani, mpishi wa Embu ataogopa nini? Pilau masala ina jira ndani yake, ila usimwage nyingi, kwa sababu mdalasini na karafuu zitakugeuzia chili iwe pilau isiyo na mchele. Nyanya mbichi zilizoiva ni nzuri kuliko za kopo, mradi uzikaange mpaka zirojeke. Ila zitie maharagwe yakiwa yameshaiva, kwa maana uchachu wa nyanya huyafanya yakawie kulainika.

Pilipili nayo? Mama yangu hajaizoea. Vyakula vya jadi vya Meru na Embu, muthere na mukimo, huliwa bila kuwasha ulimi. Basi tia pilipili hoho upate harufu, na ile kali iweke mezani kila mtu ajipimie. Ukali mwingi umo katika utando mweupe ulioshika mbegu; ukiukwangua, umepunguza moto wake. Ukiwashwa, kunywa maziwa. Maji hayasaidii, kwa kuwa kile kinachowasha huyeyuka katika mafuta, si katika maji.

Basi ni kitu gani kilichowalaza? Nilimwuliza juu ya maharagwe.

"Gesi ilikuwa inaisha," akasema. "Niliyaloweka usiku, asubuhi nikayatia kwenye chupa ya chai na maji moto, nikafunga. Kufikia saa sita yalikuwa yamelainika kidogo. Nikayamalizia kwenye mchuzi, dakika tano hivi."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Wanafunzi wengi hufanya hivi, na hata kina mama wa nyumbani, kuokoa gesi na makaa. Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu makubwa kama Canadian Wonder, yana sumu ya asili. Punje nne au tano ambazo hazijaiva zaweza kumtapisha mtu mzima baada ya saa moja hadi tatu. Kinachoiondoa ni mchemko mkali. Maji ya moto yasiyochemka, kama ya nyuzi 80, hayaiondoi, na yaweza hata kuizidisha mara kadhaa. Katika chupa maji hayachemki, yanapoa tu. Huko Uingereza wataalamu walichunguza visa 50 vilivyoshukiwa kuwa vya sumu hii kati ya 1976 na 1989, na mara nyingi maharagwe yalikuwa yameloweshwa tu au kupikwa kwa moto mdogo.

Kwa hiyo loweka saa tano au zaidi, mwaga maji hayo, tia mengine, kisha chemsha kwa nguvu, yatokote nusu saa nzima. Hapo sumu imekwisha. Baada ya hapo ukitaka kuyafunga kwenye chupa au kuyafunika kwa blanketi yalainike polepole, fanya hivyo. Gesi utaokoa bado. Huku kwetu mwinukoni maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo maharagwe huchelewa kuiva, na nusu saa hiyo usiipunguze. Maharagwe ya kopo yamekwisha kupikwa. Hayo huna haja ya kuyahofia.

Asiye na gesi kabisa abadilishe nafaka badala ya kubadilisha mapishi. Ndengu za Mbeere na Tharaka huiva upesi hata bila kuloweshwa, na chili yake ni tamu ajabu. Mbaazi pia zafaa, ila angalia jina. Wenyeji wa Embu wakisema njugu, wanasema mbaazi, na mtu wa mjini hudhani ni karanga. Kwa mgeni anayedhurika na karanga, neno hilo moja laweza kuwa hatari, hivyo uliza na uonyeshwe.

Mama alitoka hospitalini Jumatatu. Binti alimpikia ndengu, na sufuria ilitokota mlango ukiwa wazi, mgonjwa akiitazama kutoka kitandani. Alikula sahani moja, kisha akauliza kama ile pilipili ya mezani ni ya kuangaliwa tu.