Muhogo Uliopoteza Silabi

Vyakula vya Afrika Mashariki vinapojadiliwa hapa Ilford, hoja mbili hazikosi kusikika, na zote mbili zina kasoro. Ya kwanza ni ya Waswahili wenzangu wanaodai kwamba "mogo" inayouzwa katika migahawa ya Kihindi ya mashariki mwa London ni muhogo wetu ulioibwa. Ya pili ni ya wapenzi wa mitindo mipya ya ulaji. Hao huisifu mogo kwa kuwa haina gluteni, wakaiita chakula cha Kihindi au "mchanganyiko wa kisasa", wasiulize ilifikaje mezani.

Hoja ya wizi haisimami. Muhogo wenyewe si mzaliwa wa pwani yetu. Wareno ndio walioutoa Brazili. Chapati, biriani na achari zilivuka Bahari ya Hindi zikaingia majikoni mwetu, na hakuna mwanamke wa Mombasa anayemwomba Mgujarati ruhusa kabla ya kusukuma chapati. Atakayedai usafi wa asili katika upishi wa Waswahili atalala njaa.

Wala Wahindi walioileta mogo Uingereza hawakuwa wapita njia kwetu. Wengi walizaliwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Walioondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 walikabiliwa na sheria ya mwaka 1968, ambayo Bunge la Uingereza liliipitisha kwa siku chache tu ili kuwazuia watu waliokuwa na pasipoti zake. Waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 walipewa siku 90. Mali waliacha, lakini hakuna afisa wa forodha awezaye kupekua ulimi.

Hoja ya pili ni ya hatari zaidi kwa sababu huja na tabasamu. Tazama menyu hizo: mogo, mishkaki, kuku paka. Mswahili akutanaye na "kuku paka" kwa mara ya kwanza hucheka, kama kwamba kuku na paka wametiwa chungu kimoja. Kumbe ni kuku wa kupaka, achomwaye na kupakwa mchuzi mzito wa tui la nazi. Kilichodondoka ni "wa" na "ku-", yaani sarufi, kama vile muhogo wa silabi tatu ulivyobaki na mbili. Katika ukato huo nasikia Kiswahili cha jikoni cha enzi ya ukoloni, kati ya mwajiri na mpishi wake: lugha ya kuagiza, isiyohitaji viambishi. Mpishi huyo, aliyeitwa "boi" hata alipokuwa na wajukuu, ndiye anayefutwa tunapoambiwa kwamba hiki ni chakula cha Kihindi tu.

Mtu atauliza: mbona nasi hatumtaji Mhindi tunapokula chapati? Swali ni la haki. Lakini Mhindi wa Biashara Street alikuwa na duka, na juu ya duka palikuwa na kibao chenye jina lake. Mpishi hakuwa na kibao. Maneno haya yaliyokatwakatwa ndiyo karibu ushahidi pekee kwamba aliwahi kusimama jikoni humo, akafundisha na kufundishwa.

Kwa hiyo sitaki mogo isahihishwe iwe muhogo. Kuisahihisha ni kufuta ushahidi. Nataka mwenye mgahawa wa Ilford Lane, anayejua fika kwamba bibi yake alijifunza neno hilo Kisumu au Jinja, aseme hivyo kwenye menyu yake badala ya kuuza sifa za gluteni. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na maji ya leo ni sifa za afya zisizo na historia.

Nasi wasomi wa Kiswahili tuache kununa. Tunaandika tasnifu juu ya mikopo ya Kiarabu katika lugha yetu, ilhali wazee wa Kigujarati na Kikachi waliokulia Afrika Mashariki, ambao bado wanasema "jikoni" na "kisu" ndani ya lugha zao, wanazikwa mmoja mmoja katika jiji hili. Wanaishi vituo vichache vya treni kutoka maktaba zetu. Tuwaendee na daftari kabla hatujawaendea na lawama.