Zinki Imekwenda Wapi?

Neno "madini" limetupotosha. Mwanafunzi alisikiapo huwaza dhahabu ya Migori au magadi ya Ziwa Magadi, hali mwilini mwake mwenyewe mna gramu 2 hadi 3 za zinki na takribani miligramu 100 za shaba. Ni kiasi kidogo mno, lakini mwili hauwezi kuishi bila hicho.

Mwili hulinda kiasi hicho kwa kutoa ziada. Shaba hutolewa na ini kupitia nyongo. Zinki hutoka zaidi kwa njia ya matumbo, na kidogo tu katika mkojo. Saratani huuvuruga mpango huu. Uvimbe wa kongosho ukiubana mfereji wa nyongo, shaba hukosa pa kutokea. Mgonjwa akikonda, misuli yake, ambayo ndiyo ghala kubwa la zinki, huyeyuka, na sehemu ya zinki hiyo huishia mkojoni. Aidha, mwili unapopambana na maradhi, ini huivuta zinki kutoka kwenye damu na kuihifadhi.

Kwa hivyo mgonjwa akiambiwa kuwa zinki yake "imepungua", hajaambiwa mengi. Kitenzi hicho (wasomi wa lugha wataniwia radhi) kinaficha mambo matatu yaliyo mbalimbali: kutoingia, kuhama na kutoka. Chakula hutibu la kwanza. La pili halihitaji tembe yoyote, kwa maana zinki ingali mwilini.

Wachuuzi wa tembe za "kurudisha madini" wanaipenda sana fumbo hii. Jamaa huuza mbuzi ili kuzinunua, na wengine huahirisha matibabu ya hospitali wakizisubiri zifanye kazi. Ilhali utafiti wa Marekani ulioanza mwaka wa 2001 uliwashirikisha wanaume zaidi ya 35,000 wasiokuwa na saratani, baadhi yao wakipewa seleniamu, vitamini E au vyote viwili, ili kuona kama wangekingika na saratani ya tezi dume. Tembe zilisimamishwa mwaka wa 2008 kwa kuwa kinga haikuonekana. Mwaka wa 2011 ikabainika kuwa waliopewa vitamini E pekee waliugua zaidi, kwa asilimia 17.

Walimu wa Kiswahili na wa Biolojia wangekaa pamoja na kulichambua neno hili moja, "kupungua", mbele ya wanafunzi. Mtoto atakayelielewa ndiye atakayesomewa karatasi ya maabara ya babu yake, kisha amuulize daktari zinki hiyo imekwenda wapi kabla mbuzi hajafunguliwa kamba.