Faili Lililofutwa Bado Limo, Ushahidi Ndio Unaopotea

Makamanda, kuna sentensi nimeisikia kwenye vikao vya matawi mpaka nimechoka: "Picha za fomu tulikuwa nazo, ila flashi ilifutika." Watu wanatikisa vichwa, kikao kinahamia michango. Mimi nasema hapana, hiyo ndiyo ilikuwa ajenda yenyewe.

Tuelewane kwanza. Ukifuta faili, kompyuta haichomi kitu. Flashi nyingi zinatumia FAT32 au exFAT, mifumo yenye kitu kama daftari la wapangaji: jina la faili na vyumba linamolala. Ukifuta kwenye FAT32, herufi ya kwanza ya jina inabadilishwa kuwa alama, na vyumba vinaandikwa kwamba viko wazi. Mpangaji mwenyewe bado yumo ndani. Anaondoka siku akiletwa mpangaji mpya, yaani ukihifadhi kitu kingine juu yake.

Kwa hiyo, la kwanza: acha kuitumia hiyo flashi, ichomoe. Usiweke wimbo, usiijaribu jaribu, na Windows ikikuuliza kama iifomati, kataa.

La pili: hakikisha kama kweli vimefutwa. Vile virusi vya steshenari vinavyogeuza mafolda kuwa shotikati, mara nyingi vinaficha tu. Usibofye shotikati. Ruhusu kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, uangalie.

La tatu: tumia programu ya kurejesha. PhotoRec ni ya bure. Haihangaiki na daftari. Inapekua flashi nzima ikitafuta alama za mwanzo wa faili, mfano picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF. Mafaili hurudi bila majina yake ya zamani, hivyo jiandae kuyafungua moja moja. Yahifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye flashi ileile, la sivyo unaleta wapangaji wapya kwa mkono wako.

Sasa niongee kama mwanafunzi wa sheria. Wengi wanadhani picha ikirudi tumeshamaliza. Bado sana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inasema ushahidi hautakataliwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini katika kuupima uzito, mahakama inatazama ulivyotengenezwa na kuhifadhiwa, uzima wake ulivyolindwa, na aliyeutengeneza anavyotambulika. Wakili wa upande wa pili atamuuliza shahidi wetu: flashi ilikaa kwa nani? Nani alirejesha, lini, kwa programu gani? Jibu likiwa "kuna jamaa wa steshenari alitusaidia", tumekwisha.

Basi kila tawi liwe na daftari la flashi. Andikeni nani kaipokea, saa ngapi, kutoka kwa nani. Kabla ya kurejesha chochote, tengenezeni nakala nzima ya flashi na kazi ifanyike kwenye nakala. Chukueni namba ya hashi ya SHA-256. Faili likiguswa hata kidogo tu, namba inabadilika. Flashi yenyewe iingie kwenye bahasha, ifungwe, isainiwe mbele ya shahidi. Na fomu ya karatasi aliyopewa wakala itunzwe kama hati ya kiwanja.

Wapo watakaoniambia, "Dada, tatizo ni mfumo, wewe unatuletea habari za flashi." Mfumo una matatizo, nakubali. Ibara ya 41(7) ya Katiba inaizuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyetangazwa na Tume. Lakini kwa ubunge na udiwani mlango wa mahakama upo, na anayelalamika ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Tukifika mikono mitupu, hatuwezi kumlaumu hakimu. Na hakuna mfumo uliotuzuia kuwa na nakala tatu sehemu tatu.

Kuna upande mwingine ambao hatuuongelei. Flashi hiyohiyo ina orodha ya wanachama wetu, majina na namba za simu. Ukiifuta kisha ukamwazima mtu, umemwazima na wanachama. Ufomati wa haraka hausaidii, kwa sababu unafuta daftari tu na wapangaji wanabaki. Kwenye Windows, ondoa alama ya ufomati wa haraka ili ufanyike ule kamili, unaoandika sifuri flashi nzima. Unachukua muda mrefu, vumilia. Mama lishe aliyetuamini akatupa namba yake anastahili huo muda.

Wiki hii kila katibu wa vijana aulize swali moja kwenye tawi lake: flashi yetu iko wapi, na nakala yake iko wapi? Asiyepata jibu aanze kazi leo, asisubiri kampeni.