Mazabodi Imekufa? Nani Kaipima?

Najua nimepotea. Sababu ni kompyuta, na leo nimekuja na hasira, nyingi zikiwa juu yangu mwenyewe.

Jumamosi mbili zilizopita, hapa hapa Kibeta, niliifungua kompyuta yangu ya mezani nikaihamishia kwenye kasha jingine, maana la zamani lilikuwa limeliwa na kutu. Nikafunga skrubu ya mwisho, nikabonyeza kitufe. Kimya! Hakuna feni, hakuna taa. Humo ndani kulikuwa na mahojiano ya miezi minne na wakulima wa kahawa, na mhariri alikuwa anayasubiri Jumatatu. Msiniulize nakala ya akiba ilikuwa wapi.

Nikaipeleka kwa fundi mjini. Hakuifungua. Alibonyeza mara tatu, akatikisa kichwa: "Broo, mazabodi imekufa. Lete laki na themanini." Nami, mwenye shahada yangu ukutani, nikaanza kuwaza nimkope nani.

Aliyeniokoa ni dogo wa jirani, kidato cha tatu. Alichungulia ndani akauliza: "Kaka, huu waya wa swichi mbona umeuchomeka kwenye pini za taa?" Akauhamisha. Feni zikazunguka. Laki na themanini nzima ilikuwa imekaa kwenye kiwaya kisichozidi unene wa njiti ya kiberiti!

Mtasema fundi ni tapeli. Labda. Lakini fundi huuza kile wateja wanachonunua, na sisi tunanunua hukumu bila uchunguzi. Sisi akina nshomile, tunaotaniwa nchi nzima kwa kujisifia shule, tunaogopa bisibisi.

Na ugonjwa huu ni wa zamani. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta tangu miaka ya 1960. Mradi wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine ukaenda kombo, hasara ikawa kubwa, wataalamu wetu wakiwa wachache mno. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ikaja kulegezwa baadaye, lakini miaka ilishapotea. Kwangu mimi, hiyo ni "mazabodi imekufa" ya kitaifa: walioshindwa ni watu na maandalizi, iliyohukumiwa ni mashine.

Hivi kupima ni kazi kubwa kiasi gani? Kompyuta iliyokuwa inawaka jana, ikagoma baada ya kufungwa upya, mtuhumiwa wa kwanza ni mkono wa aliyeifunga. Chomeka chaji ya simu kwenye soketi ile ile uone kama umeme upo. Angalia swichi ya nyuma ya pawasaplai. Kama ina kile kitufe cha 115 na 230, kiwe 230 kabla ya kuchomeka, la sivyo utaiunguza kweli. Kisha chomoa waya wa ukutani ndipo uguse ndani. Plagi kubwa ya pini 24 imezama? Ile ndogo ya prosesa, ya pini 4 au 8, umeikumbuka? Ramu zimekaa mpaka zikalia "ta"? Waya wa swichi uko kwenye jozi yake? Bado? Toa mazabodi, iweke juu ya boksi la karatasi, ijaribu hapo. Ikiwaka, basi kasha lilikuwa linaigusa mahali na kuleta shoti. Pawasaplai yenyewe usiifungue, hubaki na umeme hata ikichomolewa.

Nusu saa. Baada ya hapo ndipo mtu ana haki ya kutamka neno "imekufa".

Najua kuna atakayesema, "Mwandishi, kila mtu na fani yake, mbona hujipasui tumbo mwenyewe?" Sawa. Lakini daktari akikutazama usoni tu akakuambia una malaria, utameza dawa? Si utamuuliza kipimo kiko wapi? Basi mwulize na fundi: umepimaje? Fundi mzuri hatakasirika, atakuonyesha.

Na shule zetu je? Tulipata Sera ya Taifa ya TEHAMA mwaka 2003, ikaja nyingine 2016. Mimi nilifaulu kompyuta kwa kuchora kompyuta. Nilijua kuitaja prosesa, sikujua inapewa umeme kwa waya upi. Yule dogo hakujifunza darasani. Kajifunza kwa kufungua redio mbovu za babu yake, tena akichapwa kwa "kuharibu vitu".

Tumchape nani sasa? Mpeni bisibisi mtoto huyo. Na wewe msomi mwenzangu, kabla hujalipia maiti, hakikisha kwanza mgonjwa amekufa.

Mahojiano ya wakulima yamefika kwa mhariri. Nakala ya akiba nayo ipo sasa, kwenye flashi mbili.

Naomba kutoa hoja.